Chipu Mbovu Hudhuru Kuliko Iliyokufa

Waliokuwa Muscat, Dubai au Doha mwishoni mwa miaka ya 1990 wataikumbuka sauti ya modemu: milio, mikwaruzo, kisha kimya, na barua pepe ya nyumbani inaingia. Mimi wakati huo nilikuwa fundi wa zamu Muscat, upande wa pili wa waya, na leo nataka kukuelezeni kilichokuwako huko.

Kulikuwa na seva ya kupokea simu za intaneti. Laini moja ya E1 iliiletea simu 30 kwa pamoja. Hatukupanga modemu 30 juu ya rafu. Kazi hiyo ilifanywa na chipu za kuchakata mawimbi, zinazogeuza sauti ya simu kuwa data na data kuwa sauti. Katika seva zetu, kibao kimoja cha chipu kilihudumia simu 6.

Chipu ikifa kabisa, taabu ni ndogo: seva huiona na haiipi simu. Taabu kubwa ni ile mbovu. Hupokea simu, hulia kama kawaida, hushindwa kuelewana na modemu ya mteja, kisha hukata. Baada ya muda mfupi iko wazi tena, na wenzake wameshikwa kwa saa nzima. Basi simu inayofuata huangukia kwake, na nyengine tena.

Usiku mmoja wa Ramadhani mzee mmoja alitupigia. Amejaribu mara saba, anangoja habari za mgonjwa wake Unguja, na kila mara anakatwa. Nilitazama seva, nikaona laini zote nzima, nikamwambia: "Mzee wangu, tazama modemu yako." Asubuhi nilifungua hesabu za chipu moja moja. Moja ilipokea simu usiku kucha na haikufanikiwa hata moja. Namba ya mzee sikuwa nimeiandika.

Tangu hapo nilifuata utaratibu huu. Kwanza, soma hesabu za kila chipu, si za seva nzima. Pili, izuie isipokee simu mpya, lakini walioko kwenye kibao wamalize mazungumzo yao. Ukikizima ghafla unawakata wote. Tatu, pakia upya programu yake ya ndani. Nne, ijaribu kwa kuipigisha simu na chipu nzima. Ikishindwa tena, badilisha kibao.

Modemu zimepitwa na wakati, lakini chipu za namna hii bado zimo katika mitambo inayounganisha simu za kawaida na simu za intaneti. Kwa hivyo ukipiga nyumbani ukawa unakatwa mara kwa mara, andika saa na namba uliyopiga, umpe fundi. Kwa saa hiyo ataweza kuitafuta simu yako ilipita wapi. Na akikwambia tatizo ni simu yako, muulize kwanza ametazama wapi.