Rekodi za Kisu cha Kukunja, na Kile Kinachofaa Mwaloni

Mwanza hatukosi vya kujisifia. Ziwa letu, lenye kilomita za mraba zipatazo 68,800, ni kubwa kuliko maziwa yote ya Afrika. Ukerewe ni kisiwa kikubwa kuliko vyote vilivyomo humo. Saanane ndiyo hifadhi ndogo kuliko hifadhi zote za taifa Tanzania, na tangu Juni 2025 anayekwenda Sengerema hasubiri tena kivuko, anapita juu ya Daraja la J.P. Magufuli kutoka Kigongo hadi Busisi. Basi mtu akiniuliza anunue kisu gani cha kukunja, chepesi, kwa pesa ya mtu anayehesabu nauli ya daladala, nami namjibu Kimwanza: tuanze na mabingwa.

Bingwa wa ukubwa yuko Ureno. Alikibuni Telmo Cadavez wa Bragança, na watu watatu wa ukoo wa Pires katika kijiji cha Palaçoulo wakakitengeneza kwa mikono yao, kikakamilika Januari 2003. Kikikunjuliwa kina urefu wa mita 3.9, na uzito wake ni kilo 122. Sangara mkubwa kuliko wote walioingia katika rekodi za uvuvi wa ndoano, yule wa Ziwa Nasser huko Misri mwaka 2000, alikuwa na kilo 104. Yaani kisu kimemzidi samaki. Kitakata nini, sijui.

Bingwa wa wingi wa bapa ni wa Sheffield, Uingereza. Kampuni ya Joseph Rodgers & Sons ilitengeneza kisu chenye bapa 1,822 mwaka 1822, kwa mpango wa kuongeza ubapa kadiri miaka inavyosonga. Ni kazi ya kutazamwa nyuma ya kioo.

Kisha kuna Wenger Giant wa Uswisi, aliyeingia kitabu cha Guinness kwa zana 87 zinazofanya kazi 141. Kuna bisibisi za kila namna, kuna za kurekebisha baiskeli, kuna hata ya kukatia biri kubwa za mabwana. Kinazidi kilo moja na hakishikiki kwa mkono mmoja. Ukikitazama vizuri unaona jambo moja ambalo litakusaidia ukiwa dukani: kila zana inayoongezwa inaongeza uzito, inanenepesha mpini, na inafungua mwanya mwingine wa kuingiza uchafu. Muuzaji anayekusifia kwamba chake kina kijiko, uma, kifungua chupa na tochi anakusifia mzigo.

Kwa ukale, taji linakwenda Hallstatt, Austria, penye machimbo ya chumvi ya kale. Hapo ndipo kilipopatikana kisu cha kukunja kinachohesabiwa kuwa cha zamani kuliko vyote vinavyojulikana, chenye umri wa takriban miaka 2,500. Mpini wake ni mfupa, ubapa wake ni mmoja.

Kwenye ukale wa chuma hata sisi wa kando ya ziwa tuna la kusema. Mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery walichapisha katika jarida la Science matokeo ya uchimbaji wao upande wa Bukoba. Walionyesha kwamba miaka kati ya 1,500 na 2,000 iliyopita wahunzi wa huko walikuwa wakipata chuma cha kaboni kwa tanuri lenye akili yake: mabomba ya udongo ya kupitishia upepo wa mivukuto yaliingizwa ndani kabisa ya tanuri, hewa ikapata moto kabla haijafika kwenye mkaa, na joto likapanda sana. Wazee wa Kihaya waliokumbuka kazi hiyo walilijenga upya tanuri hilo katika miaka ya 1970, likafanya kazi. Upande wa Geita, Warongo walifua majembe yaliyouzwa mbali na kwao. Nayataja haya kwa sababu vijana wengi hudhani chuma cha kaboni ni kitu duni, kwamba kisu cha maana ni lazima king'ae kama kijiko cha harusi. Chuma cha kaboni hunoleka upesi, hata kwa jiwe la kawaida. Ubaya wake ni kutu, na hapa ziwani tuna nafuu ambayo ndugu zetu wa Pwani hawana: maji yetu hayana chumvi. Kifute, kipake tone la mafuta ya kula, kitakaa. Ukimenyea machungwa ya Ukerewe ubapa utageuka rangi na kuwa kijivu. Huo ni weusi wa tindikali tu, wala hauli chuma kama kutu.

Sasa bingwa ninayempa nafasi kubwa kuliko wote, maana alitengenezwa akikusudiwa bara hili hasa: Okapi. Alizaliwa mwaka 1902 Solingen, mji wa visu wa Ujerumani, kwa ajili ya kuuzwa katika makoloni ya Wajerumani Afrika, enzi ambazo Mwanza yenyewe iliandikwa Muansa kwenye ramani zao. Jina walilitwaa kwa mnyama wa misitu ya Ituri, Kongo, ambaye wanasayansi wa London walikuwa wamemtambulisha mwaka mmoja tu kabla, baada ya Harry Johnston, aliyekuwa akitawala Uganda kwa niaba ya Waingereza, kuwapelekea ngozi yake. Kwa hiyo mnyama alikuwa habari moto, na wafanyabiashara wa Solingen hawakulala. Mwaka 1988 kampuni ya Afrika Kusini ilinunua jina pamoja na mitambo, na tangu hapo Okapi hutengenezwa huko.

Ubora wa Okapi uko katika unyonge wake. Mpini ni wa mbao, na ule unaojulikana zaidi umepambwa kwa vipande vya madini vyenye umbo la mwezi na nyota. Ubapa ni wa chuma cha kaboni. Mgongoni kuna springi yenye pete. Ukikunjua, meno yanalia krr-krr-krr hadi ubapa unakamatwa, na ili kuukunja unavuta pete. Hakuna bati la ndani wala kikorombwezo. Mlio huo umempa pia sifa mbaya. Jamaika na mitaa ya Afrika Kusini wanamjua kama silaha ya wahuni, na mtu akikukunjulia hivyo stendi ya Nyegezi hutasubiri aeleze kwamba anataka kukata muwa. Ukiwa nacho, kikunjue taratibu huku umeshika pete, na usikichezee mbele za watu.

Twende kwenye wepesi, maana ndio tulioutafuta. Uzito wa kisu cha kukunja unatoka hasa kwenye mpini. Sentimita moja ya ujazo ya chuma cha pua ina uzito wa karibu gramu 7.9, alumini 2.7, na mbao nyingi hazifiki hata 1. Ndiyo maana Buck 110 ya Marekani, iliyoanza kutengenezwa miaka ya 1960 na kupendwa na wawindaji, ina gramu zipatazo 200: ncha zote mbili za mpini wake ni shaba. Linganisha na Opinel namba 8 ya Ufaransa, ya jamii ya visu ambavyo Joseph Opinel alivianzisha Savoie mwaka 1890. Ubapa wake ni sentimita 8.5, mrefu wa kutosha kukata mkate, nanasi au kamba ya manila, na bado kisu kizima kina gramu kama 45, chepesi kuliko yai la kuku. Siri yake ni gogo dogo la mbao lililopasuliwa mfereji, ubapa, pini, na pete ya kuzungusha inayofunga ubapa usimkunjie mtu vidole. Pete hiyo iliongezwa mwaka 1955.

Ila Opinel ina kasoro inayowahusu watu wa mwaloni: mbao zikinywa maji huvimba na kuubana ubapa. Mvuvi anayelowa kila usiku atamtukana Mfaransa. Kwake ni afadhali mpini wa plastiki ngumu, wenye tundu la kufungia kamba, kwa sababu Ziwa Viktoria linafika mita 80 hivi kwenda chini na halirudishi vyuma.

Kwa udogo, Victorinox Classic ina milimita 58 na gramu zisizozidi 25: ubapa wa kukatia kamba ya kiroba, kimkasi, tupa ya kucha, kibano na kijiti cha meno. Kwa karani au mwalimu inatosha kabisa. Lakini za bandia ni nyingi, na msalaba mweupe si ushahidi. Fungua ubapa usome shinani mwake, jina Victorinox limechongwa hapo.

Wengi wetu, tuseme ukweli, tutanunua kwa machinga pale Makoroboi au Mlango Mmoja, kisu kilichotoka China. Huko kuna mji wa Yangjiang unaojulikana kwa visu na mikasi, na wanatengeneza vizuri na vibaya kwa mkono uleule, kwa hiyo kikague mwenyewe. Kikunjue, ushike ubapa kwa vidole uutikise kushoto na kulia. Ukicheza, rudisha. Kikunje utazame kwa juu: ubapa ukae katikati bila kusugua ukuta wa mpini. Kama kina kifungio, gandamiza mgongo wa ubapa kwenye ukingo wa meza, vidole vikiwa mbali na njia yake. Kikiachia hata mara moja, hicho kitakukata wewe kabla ya muwa. Mwisho omba kipande cha gazeti ukipasue. Kisu kipya kinachochana gazeti badala ya kulikata kinaweza kunolewa, ndiyo, lakini bei ishuke.

Na usikinunue kwa ajili ya samaki. Sangara anataka kisu kirefu kisichokunjwa, utelezi wa sato huingia kwenye pini na kunuka, na dagaa hawahitaji kisu.

Uamuzi wangu ni huu: ubapa mmoja wa sentimita 7 hadi 9, mpini wa mbao kwa anayekaa nchi kavu na wa plastiki kwa anayeingia ziwani, kifungio cha pete, na fedha inayobaki nunua jiwe la kunolea. Ukisafiri kwa ndege kutoka Mwanza, kiweke kwenye begi la mzigo. Kikikutwa kwenye begi la mkononi, kinabaki uwanjani.