Aliyekubebea mzigo mlimani anaitwa nani?



Ndugu msomaji, kila inapokaribia tarehe 9 Desemba, matangazo ya safari za kupanda Mlima Kilimanjaro huongezeka. Zamani mambo haya tuliwaachia wageni. Siku hizi wanaopanda ni vikundi vya kazini, watu waliosoma pamoja, wanakwaya, na hata vijana wa parokia ambao baada ya Misa ya kwanza hupita na daftari la michango. Wasioweza kwenda kileleni huishia Materuni au Marangu, wakatazama maporomoko ya maji, wakanywa kahawa iliyotwangwa mbele ya macho yao, wakapiga picha na kurudi jioni wakiwa na matope hadi magotini. Wapo mapadre wenzangu wanaonung'unika kwamba safari hizi huangukia Jumapili. Mimi nasema Misa ya saa kumi na mbili asubuhi ipo, na basi linaweza kusubiri. Mkristo anayepanda mlima anaweza kusali hata asipofungua kinywa, na kule juu, kwa jinsi pumzi inavyokata, mara nyingi hawezi kukifungua.

Tukihubiri habari za milima, sisi wahubiri hukimbilia kileleni. Tunamtaja Musa juu ya Sinai, Eliya kule Horebu, Bwana wetu akigeuka sura mbele ya wanafunzi watatu. Ni sawa. Lakini leo naomba tutazame njiani, maana njiani kuna mtu tunayempita, au tuseme ukweli, yeye ndiye anayetupita sisi, na mzigo kichwani.

Chukua njia ya Marangu. Unaanzia langoni, katika mita 1,800 na ushee kutoka usawa wa bahari, unaingia msituni na kulala Mandara, kama mita 2,700. Kesho yake unatoka kwenye miti mikubwa, unafika Horombo, kama mita 3,700. Halafu inakuja ile nchi kavu isiyo na mti, yenye upepo, hadi Kibo, kama mita 4,700. Usiku wa manane unaamshwa kuanza kupanda kifusi gizani ili mapambazuko yakukute karibu na Uhuru, mita 5,895. Siku zote hizo wewe mgongoni una begi dogo: maji, koti la mvua, biskuti, pengine na rozari. Je, nguo zako za kubadili, mchele, trei la mayai, sufuria na mtungi wa gesi vimefikaje?

Vimebebwa na wapagazi. Wenyewe huitana wagumu, na jina hilo limewastahili. Mpandaji mmoja anaweza kuhitaji watatu au zaidi. Kanuni ya hifadhi inasema mzigo wa mpagazi usizidi kilo 20, na ndiyo maana langoni kuna mizani. Asubuhi mgumu hubaki nyuma akiosha vyombo na kufunga mizigo, kisha anakupita njiani, akifika anatafuta maji na kuyachemsha, na wewe ukitokea umechoka unakuta beseni la maji ya moto linakusubiri. Katika njia ambazo watu hulala kwenye mahema, mara nyingi wapagazi hulala katika hema lile lile mnalolia chakula. Maana yake ni kwamba wakati ninyi mnaendelea na hadithi baada ya chai, kuna watu nje kwenye baridi wanangoja mmalize ili wapate pa kujinyosha. Baridi ile haiulizi mtu kazaliwa wapi. Na ugonjwa wa mahali pa juu, ule wa kichwa kupasuka na mapafu kujaa maji, humpata kijana wa Moshi kama unavyompata mgeni wa Ujerumani. Wapagazi wamekufa kwenye mlima huu.

Katika Injili ya Marko, sura ya 15 mstari wa 21, kuna mtu aliyekuwa anatoka shambani, akapita njia ambayo hakuipanga, akalazimishwa kuubeba mzigo wa mtu mwingine kuelekea kilimani. Ni Simoni wa Kirene. Mwinjili Marko ni mtu wa maneno machache, lakini hapa anasimama kidogo, anaandika jina la mbebaji, anaandika alikotoka, na anaongeza majina ya watoto wake wawili, Aleksanda na Rufo. Walimu wetu wa Maandiko seminarini walitueleza kwamba huenda watoto hao walijulikana katika jumuiya ile ya kwanza. Mimi kila nikipita kituo cha tano cha Njia ya Msalaba najiuliza jambo dogo tu: ni wangapi kati yetu waliofika Uhuru wanaoweza kumtaja kwa jina mtu mmoja aliyewabebea, achilia mbali watoto wake?

Siku moja, nje ya kanisa, kijana mpagazi aliniambia kinachomtia hofu. Nilidhani atataja baridi, au mawe yanayoporomoka. Akasema, "Padre, mimi naogopa siku ya mwisho langoni." Siku hiyo ndiyo hutolewa bahashishi, au tipu kama wanavyosema wenyewe. Wageni humkabidhi kiongozi fedha ndani ya bahasha, wanapiga picha ya kukumbatiana, wanapanda gari. Wapagazi wanabaki wakitazama bahasha. Imekuwa na kiasi gani? Imegawanywaje? Na ule ujira wa siku, ambao si zawadi bali ni haki, utalipwa leo au wataambiwa waje Jumatatu ofisini? Kumbukumbu la Torati sura ya 24 inaagiza kibarua maskini alipwe siku ile ile kabla jua halijazama, kwa sababu moyo wake unautegemea ujira huo. Aliyeandika maneno hayo alijua njaa. Anayesema "njoo Jumatatu" hajui kwamba nyumbani kwa mtu huyo kuna mama anayengoja unga leo jioni.

Jambo hili si geni, lilianza na mlima wenyewe kuingia vitabuni. Tarehe 6 Oktoba 1889, Hans Meyer, Mjerumani, na Ludwig Purtscheller wa Austria walifika kilele cha Kibo. Vitabu vya Ulaya vikawataja hao wawili. Lakini walikuja na msafara. Mtu wa Pangani, Mwini Amani, alikaa nao kwenye kambi ya juu, penye baridi ambayo mtu wa pwani hajawahi kuiota. Marangu nao wanamtaja Yohani Kinyala Lauwo, kijana wao aliyewaongoza. Kilele kilipewa jina la Mfalme wa Ujerumani, na jina hilo likadumu miaka mingi. Usiku wa kuamkia 9 Desemba 1961 Luteni Alexander Nyirenda alisimika Mwenge na bendera kileleni, na mahali pale pakaitwa Uhuru. Mpagazi anayelala njaa chini ya mlima wenye kilele cha jina hilo ana haki ya kutuuliza maswali.

Mwaka ule ule wa 1889, miezi michache kabla ya Meyer, padre mmoja wa Milano mwenye miaka 32 alipanda Monte Rosa, mlima wa mpakani mwa Italia na Uswisi, kwa upande wake mkali wa mashariki. Naye alikuwa na kiongozi na mbebaji. Padre huyo, Achille Ratti, baadaye akawa Papa Pius XI, na mwaka 1931 aliandika waraka Quadragesimo Anno, ambamo anafundisha kwamba mfanyakazi anapaswa kulipwa ujira wa kumtosha yeye na familia yake. Sitaki kudai kwamba aliyatoa hayo kwenye barafu. Nasema tu kwamba ninapousoma waraka ule nafurahi kujua kuwa aliyeuandika aliwahi kubebewa mzigo.

Kwa hiyo nawaomba ninyi mnaojipanga kwa ajili ya Desemba, kabla ya kulipa, muulize kampuni maswali machache bila aibu. Mpagazi analipwa kiasi gani kwa siku, na lini? Analala wapi? Anakula mara ngapi? Kampuni ikikupa bei ya chini kuliko zote, jiulize punguzo hilo limetoka kwa nani, maana ada za hifadhi hazipungui na gesi haipungui. Kinachopungua ni shibe ya mtu mmoja asiyekuwepo mezani wakati mnapatana. Bahashishi igawanywe hadharani, wote wakiwepo, kila mmoja akiitwa kwa jina na kupewa mkononi. Na hata mnaokwenda kwenye maporomoko tu, yule kijana wa kijijini anayewaonyesha njia kati ya migomba na kahawa msimkate bei kama mnanunua nyanya jioni.

Wengine watanijibu kwa Wagalatia sura ya 6, kwamba kila mtu atauchukua mzigo wake mwenyewe. Kweli, Paulo anasema hivyo katika mstari wa tano. Arudi basi asome na mstari wa pili.

Liko na suala la nguo. Pale Moshi kuna shirika linalojulikana kwa kifupi kama KPAP, ambalo huwaazima wapagazi nguo za baridi na viatu bila malipo, kwa sababu wengi hupanda na sweta moja na raba zilizochoka. Nanyi najua mnavyojiandaa: mnakwenda mitumbani, mnanunua makoti mazito, glavu, kofia za kufunika masikio. Mkirudi Dar es Salaam, Tanga au Morogoro mnavitundika kabatini, na huko vinakaa miaka kumi vikinuka dawa ya nondo, maana kwenye joto lile hata jibwa halilali juu ya koti la sufi. Yohane Mbatizaji, ambaye tunamsikia sana kipindi cha Majilio, alipoulizwa na watu wafanye nini, jibu lake lilianza na nguo. Mkishuka langoni, vueni makoti hayo, kung'uteni vumbi, muwaachie.