Mteja Amefura, Foleni Imejaa: Mfundishe Msaidizi Wako Kutuliza Boli Kabla ya Siku ya Gulio

Leo naanza na elfu tano moja iliyoniuma kuliko hasara zangu zote.

Ilikuwa siku ya gulio hapa Mazingara. Mimi nimeenda Mkata kufuata mzigo, dukani nimemwachia binti ninayefanya naye kazi. Akaja mama mmoja mtu mzima, mteja wangu wa miaka. Akachukua sukari na mafuta ya kupima, jumla 4,500. Binti akamrudishia 500. Mama akasema, "Mwanangu, nimekupa elfu kumi." Binti akasema, "Umenipa elfu tano." Mama akarudia. Binti akapandisha sauti: "Mama, usinitafute! Mimi sijala hela yako!" Duka limejaa watu, wote kimya, wanaangalia.

Mama aliondoka bila kusema neno.

Jioni nahesabu mauzo, hela imezidi elfu tano kamili. Asubuhi nikaenda nyumbani kwake, nikaamkia, nikaomba radhi, nikampa hela yake. Akaipokea, akaniambia: "Pesa umeleta mwanangu. Na ile aibu ya mbele za watu, umekuja nayo?"

Sikuwa na jibu. Na wewe unajua huku kwetu mtu mmoja haondoki peke yake. Anaondoka na wanawe, wakwe zake na kikundi chake cha vikoba.

Nilirudi dukani nimewaka. Nikamuuliza binti, "Kwa nini ulimjibu vile mtu mzima?" Akainamisha kichwa. "Dada, mwezi uliopita ulinikata elfu saba ya chenji. Nikimsikia mtu anadai chenji, naona mshahara wangu unaondoka."

Hapo ndipo nilipoelewa. Nilichokiita ujeuri kumbe kilikuwa woga, na aliyeuweka ule woga ni mimi.

"Kuwa mpole kwa wateja" siyo mafunzo

Wengi wetu tukiajiri mtu tunamwambia, "Mteja ni mfalme, kuwa mpole," basi tumemaliza. Mtu akishatishika, yale maneno hayakumbuki. Moyo unakwenda mbio, mdomo unatangulia akili. Anachofanya wakati huo ni kile alichokizoea.

Kwa hiyo mzoeshe. Mwanasaikolojia Donald Meichenbaum wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Canada, aliandaa kwenye miaka ya 1970 njia ya mafunzo inayofanana na chanjo: unampa mtu msukosuko kidogo kidogo, mahali salama, mpaka mkubwa ukija umkute ameshauzoea. Kwanza anaelewa hasira inavyokuja, kisha anajifunza mbinu za kujituliza, halafu anazifanyia mazoezi, yanaanza mepesi yanaishia magumu.

Hii huhitaji ukumbi wala projekta. Unahitaji dakika 20 kabla ya kufungua duka, mara moja kwa wiki. Sisi tunafanya hivi.

1. Chukua visa kwenye duka lako mwenyewe

Usitafute mifano ya kampuni kubwa. Chukua daftari, mwulize msaidizi wako: "Mwezi huu ni mteja gani alikutoa jasho?" Andika kama ilivyotokea. Sisi tulipata vinne:

- Mteja anadai chenji imepungua.
- Mteja ametuma pesa namba isiyo yake, anataka wakala amrudishie sasa hivi.
- Mteja wa daftari la madeni anataka kukopa tena, na watu wapo.
- Bei imepanda: "Juzi si uliniuzia kwa bei nyingine? Mnatunyonya!"

Wenzetu wanaouza machungwa Michungwani au chakula stendi ya Korogwe watakuwa na chao: abiria ameshalipa, chakula hakijafika, dereva anapiga honi. Kisa cha kweli ndicho kinachofundisha, maana kesho kitarudi tena.

2. Kila kisa kiandikie kadi

Kipande cha karatasi kinatosha. Andika mambo manne: mteja ni nani, neno lake la kwanza ni lipi, ana nini moyoni ambacho hakisemi, na muuzaji anaruhusiwa kufanya nini.

Hilo la tatu usiliruke. Mwanasosholojia wa Marekani Arlie Hochschild, kwenye kitabu chake cha mwaka 1983 kuhusu kazi za kuhudumia watu, alieleza jinsi wahudumu wa ndege wa Delta walivyofundishwa kumwazia abiria msumbufu sababu: pengine ana hofu ya kupanda ndege, pengine amepata msiba. Ukiwaza hivyo hasira yako inapungua. Lakini Hochschild huyo huyo alionya kwamba kutabasamu kwa mshahara kila siku kunamchosha mtu ndani kwa ndani. Kwa hiyo fundisha upole, ila usidai tabasamu la bandia kutwa nzima.

Kwenye kadi yetu ya chenji tuliandika: "Hii elfu kumi ameuza kuku wake wa mwisho. Anamnunulia mjukuu dawa."

3. Igizeni, kwa ngazi tatu

Ngazi ya kwanza, mteja anauliza kwa upole. Ya pili, amekasirika. Ya tatu, amekasirika, foleni imejaa na simu inaita. Usipande ngazi mpaka ya chini imekaa vizuri.

Na wewe bosi lazima ucheze. Mara ya kwanza mimi nilikuwa muuzaji, binti akawa yule mama. Aliponiambia, "Mwanangu, nimekupa elfu kumi," nikamjibu, "Hapana, haiwezekani!" Akacheka, akasema, "Dada, na wewe umepandisha." Kweli, nilikuwa nimepandisha. Siku ile niliacha kumlaumu.

4. Mpe maneno machache ya akiba

Usimkaririshe risala. Sisi tuna hatua tatu: pumua, rudia, tenda.

Pumua: shusha pumzi moja ndefu, weka mikono juu ya kaunta. Rudia: sema alichosema mteja ili ajue umemsikia. Tenda: taja jambo moja unalofanya sasa hivi.

Kwenye chenji inakuwa hivi: "Shikamoo mama. Unasema umenipa elfu kumi, nimekurudishia mia tano. Naomba nihesabu droo hapa hapa mbele yako." Hajakubali kosa, hajamwita mama mwongo.

Kwenye pesa iliyokwenda kwingine: "Pole sana kaka. Mimi kwenye simu yangu ya uwakala siwezi kuirudisha, ni mtandao wenyewe. Tupige huduma kwa wateja sasa hivi, na ule ujumbe wa muamala usiufute." Asimwombe mteja namba ya siri hata kama mteja mwenyewe anataka kuitaja. Tangu M-Pesa ianze Tanzania mwaka 2008, maduka mengi madogo yamekuwa kama dirisha la benki, na hasira za benki zimehamia kwetu. Lazima tuzijue.

Kwenye deni: "Mzee, karibu huku pembeni tuongee." Deni halisomwi mbele za watu.

5. Mkimaliza, kaeni mzungumze

Maswali matatu tu: Ulihisi nini mwilini? Neno gani lilipoza moto? Neno gani liliuwasha? Aanze yeye, wewe ufuate. Kisha mbadilishane nafasi. Usimcheke wala usimsimulie kwa majirani alivyokosea. Zoezi likigeuka kuwa kesi, wiki ijayo atakuambia anaumwa.

6. Tengeneza chanzo cha ugomvi

Zoezi la chenji lilitufundisha kitu rahisi sana: noti ya mteja haiingii droo mpaka chenji imehesabiwa mkononi mwake. Inakaa juu ya kaunta, imewekewa kijiwe. Na muuzaji anaitaja kwa sauti: "Nimepokea elfu kumi." Bei zikipanda, tunaandika ubaoni asubuhi kabla mteja hajaja. Vurugu nyingi unaweza kuzifuta namna hiyo bila kumfundisha mtu upole wowote.

7. Mpe uwezo, mpe na mpaka

Binti sasa anaruhusiwa kumaliza tatizo la mpaka 2,000 bila kunipigia simu. Anaandika tu kwenye daftari. Mtu asiye na uwezo wa kuamua atabaki kubishana, hana kingine cha kumpa mteja.

Na makato nimeacha kufanya kiholela. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haikuruhusu kukata mshahara wa mtu kwa sababu droo haijatimia tu. Kwa hasara, lazima iwe imetokana na kosa lake akiwa kazini, akubali kwa maandishi, umweleze kwa maandishi sababu na kiasi, apewe nafasi ya kupinga, na makato yasizidi robo ya ujira wake. Mimi nilikuwa sijui. Nilimrudishia elfu saba yake.

Mpaka nao uwepo. Mteja akitukana matusi ya nguoni, akimshika au akitishia kupiga, mazoezi yameishia hapo. Msaidizi anarudi nyuma, anaita jirani, ananipigia, ikibidi tunamwita mwenyekiti wa kitongoji au polisi. Fanyeni zoezi la hili pia. Kutulia maana yake siyo kuvumilia kuonewa.

Je, imesaidia?

Sitakudanganya kwamba ugomvi umekwisha. Gulio ni gulio. Lakini wiki chache baadaye nilikuwa nyuma nikipanga mzigo, nikasikia mwanaume anafoka juu ya chenji. Nikataka kutoka, nikajizuia. Nikasikia binti anashusha pumzi, kisha: "Shikamoo baba. Unasema umenipa elfu kumi. Noti yako hii hapa, bado ipo juu ya kaunta." Ilikuwa elfu tano. Yule baba akaitazama, akacheka mwenyewe, akaomba radhi.

Na yule mama? Bado hajarudi mwenyewe. Ila juzi mjukuu wake alikuja na karatasi: sukari kilo moja, mafuta ya kupima. Mkononi ameshika noti ya elfu kumi. Binti akaipokea kwa mikono miwili, akaitaja kwa sauti, akaiweka juu ya kaunta, akaiwekea kijiwe.

Kazi ya wiki hii: kabla ya gulio linalofuata, keti na msaidizi wako, andikeni kisa kimoja tu, mkiigize mara tatu. Kisha tuambie hapa chini: mteja gani alikutoa jasho, na ulimjibuje? Mwenye duka mwenzako anayefoka kila siku, mtumie hii. Usimwambie kwa nini umemtumia.