Tiba ya tezi: Kwa nini dozi moja haiwafai wote

MKAZI wa Kibomet, viungani mwa mji wa Kitale, anayeagizwa kutibiwa tezi ya shingo kwa iodini yenye mnururisho husafiri takriban kilomita 380 hadi Nairobi, ambako tiba hiyo hutolewa katika hospitali chache, ikiwemo Hospitali Kuu ya Kenyatta.

Swali kuu linalomsubiri huko ni moja: ameze kiasi gani?

Tiba hii ilianza mwaka wa 1941 mjini Boston, Marekani, chini ya Dkt Saul Hertz. Tezi huvuta iodini kuliko kiungo kingine chochote. Mgonjwa anapomeza iodini-131, chembe za beta husafiri milimita chache tu ndani ya tezi na kuua seli zilizochachamaa.

Hata hivyo, kiasi kinachomezwa sicho kipimo cha mnururisho unaoipata tezi. Huo hutegemea pia uzito wa tezi, asilimia ya iodini inayonaswa na muda inaokaa humo.

Chukua mfano wa wagonjwa wawili waliomeza kiasi sawa. Mmoja ana tezi ya gramu 30 inayonasa asilimia 60. Mwenzake ana rovu la gramu 60 linalonasa asilimia 30. Iodini ikikaa muda sawa, kila gramu ya rovu hilo itapata robo tu ya mnururisho.

Huyo wa pili huenda asipone. Naye anayezidishiwa huweza kupoteza tezi yote, akameza vidonge vya homoni maisha yake yote.

Ili kukadiria, mgonjwa hupewa kwanza iodini kidogo. Miale ya gama hupenya nje ya mwili, na kifaa kinachoelekezwa shingoni huipima baada ya saa 24, kisha tena siku kadhaa baadaye. Ukubwa wa tezi hupimwa kwa altrasaundi.

Hapo ndipo umbali unapomwumiza mgonjwa wa Kibomet, kwani kila kipimo humtoza malazi au nauli. Madaktari wengi duniani hutoa kiasi kimoja kwa wote, njia iliyo rahisi na inayowafaa wengi. Lakini agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka wa 2013 linataka tiba ya mnururisho ipangwe kwa kila mgonjwa peke yake.

Kabla ya kumeza, basi, ni vyema mgonjwa aulize: tezi yangu ina uzito gani, na inanasa asilimia ngapi? Jibu la swali la pili huhitaji kulala Nairobi usiku mmoja tu.