Anayetamani Kuamini Lakini Hawezi: Tumsaidieje?



Sisi tulio mapadre hufikiwa mara kwa mara na swali linaloulizwa kwa sauti ya chini, baada ya Misa, watu wengine wakiwa wamekwisha kuondoka. Anayeuliza huwa ni mama, au kaka, au mchumba wa mtu. Husema: "Baba, nyumbani kwetu yupo mtu asiyeamini kwamba Mungu yupo. Si mkorofi, wala hawadharau watu wa dini. Anatamani kuamini kama sisi, ila anasema hawezi. Nimfanyie nini?" Swali hili linastahili kutazamwa kwa makini, kwa maana majibu yanayotolewa kwa haraka katika familia zetu, na hata katika Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, mara nyingi humfukuza mtu akiwa amekwisha kufika mlangoni.

Tuanze na jina tunalompa. Tumezoea kumwita mkana Mungu. Kukana ni kitenzi kizito: hukana deni yule aliyekopa, hukana shtaka yule anayejua alichotenda. Kwa hiyo jina hilo humshutumu mtu kwamba anaujua ukweli na anauficha. Wapo watu wa namna hiyo, lakini huyu tunayemzungumzia hakani kitu. Anatazama, na haoni. Mababa wa Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano, katika hati yao juu ya Kanisa katika ulimwengu wa leo, Gaudium et Spes, iliyotangazwa tarehe 7 Desemba 1965, walikataa kuwatia wasioamini wote katika kapu moja. Wakaongeza, katika namba 19, jambo ambalo hatulihubiri mara nyingi: kwamba waamini wenyewe wanaweza kuwa na sehemu isiyo ndogo katika chanzo cha ukanamungu, pale wanapozembea malezi ya imani, wanapoyaeleza mafundisho vibaya, au wanapoishi maisha yanayouficha uso wa Mungu badala ya kuudhihirisha.

Basi, mtu asiyeamini anaposema anatamani kuamini, jambo gani limetokea? Katekisimu ya Kanisa Katoliki (namba 153 hadi 155) hufundisha kwamba imani ni zawadi ya Mungu, na papo hapo ni tendo la kweli la binadamu, la akili yake na la hiari yake. Hakuna anayemwendea Kristo asipovutwa na Baba. Bwana mwenyewe asema hivyo katika sura ya sita ya Injili ya Yohane. Tamaa ile, basi, haikuzaliwa na ufasaha wetu, bali Mungu ametutangulia. Kumbukeni pia yule baba katika sura ya tisa ya Marko, aliyemleta mwanawe mgonjwa kwa Yesu, akaungama imani na kutokuamini kwake kwa pumzi moja. Yesu hakumwambia aende kwanza akaikamilishe imani yake ndipo arudi. Alimponya mtoto.

Upo mfano mmoja ambao tungependa kukaa nao kidogo, wa Mtakatifu Charles de Foucauld. Alizaliwa Strasbourg, Ufaransa, mwaka 1858, akabatizwa, akawa yatima wa baba na mama akiwa na umri wa miaka mitano, akalelewa na babu yake. Katika ujana wake imani ilimtoka, na kwa takriban miaka 12 aliishi bila kuamini chochote. Akawa afisa wa jeshi, akatapanya mali ya urithi kwa anasa. Kisha, mwaka 1883 na 1884, alisafiri nchini Moroko kwa uchunguzi wa kijiografia, na huko akawaona Waislamu wakisali. Jambo hilo lilimtikisa. Aliona watu ambao kwao Mungu hakuwa nadharia, bali ndiye waliyesimama mbele yake kila siku.

Aliporudi Paris alipokewa na ndugu zake, watu wa imani. Binamu yake, Marie de Bondy, hakumsimanga kwa maisha yake ya nyuma wala hakumvuta kwa nguvu kwenda kanisani. Alimpenda, akamkaribisha, akaendelea kusali kama alivyokuwa akisali siku zote. Charles alieleza baadaye kwamba alianza kujiambia hivi: ikiwa mtu mwenye akili kama huyu anaamini, huenda dini hii si upuuzi kama nilivyodhani. Akaanza kuingia makanisani peke yake, akirudia sala moja ya ajabu, akimwomba Mungu, kama yupo, amwezeshe kumjua.

Mwishoni mwa Oktoba 1886 alimwendea Padre Henri Huvelin katika kanisa la Mtakatifu Augustino, Paris, akamwomba masomo ya dini. Padre akamwambia apige magoti na kuungama, kisha akampa Komunyo siku ile ile. Miaka 30 baadaye, tarehe 1 Desemba 1916, Charles aliuawa huko Tamanrasset, Algeria. Baba Mtakatifu Fransisko alimtangaza kuwa mtakatifu tarehe 15 Mei 2022.

Wengi husimulia sehemu ya kiti cha maungamo na kuisahau sehemu ya binamu. Tunadhani ni kosa. Padre Huvelin alivuna. Marie alikuwa amelima kwa muda mrefu, na kulima kwake kulikuwa kunyamaza zaidi kuliko kusema. Tena, mfano wa Huvelin hauigiwi ovyo. Charles alikuwa amebatizwa, ndiyo maana aliweza kuungama. Asiyebatizwa hapokei Kitubio, naye Kanisa humfungulia njia nyingine tutakayoieleza. Basi swali la kwanza la kujiuliza juu ya mtu wetu ni hili: je, amebatizwa? Aliyebatizwa utotoni na imani ikamtoka anarudi nyumbani; asiyebatizwa anakuja kwa mara ya kwanza.

Sala ile ya Charles twaweza kumpendekezea yeyote, kwa sababu haimlazimishi kusema uongo. Asiyeamini asishurutishwe kukariri Nasadiki kana kwamba anasadiki. Huko ni kumfundisha unafiki kwenye kizingiti cha Kanisa. Lakini kusema, "Kama upo, nijulishe," hilo aweza kulisema kwa moyo mnyofu. Alifanye kila siku, kwa saa ile ile, kwa dakika chache, na baada yake asome kipande cha Injili ya Marko, ambayo ni fupi kuliko zote, sura 16 tu. Mwanafalsafa Mfaransa Blaise Pascal, aliyefariki mwaka 1662, aliwashauri watu wa namna hii wafuate desturi za waamini, nao moyo ungelainika taratibu. Hoja yake ya kuilinganisha imani na dau la kamari haituvutii sana, lakini katika hili la desturi aliwajua wanadamu.

Aje pia kwenye Misa, na mapema aelezwe, kwa upole, kwamba hatapokea Komunyo, na kwamba kubaki amekaa wakati wengine wanakwenda mbele si aibu. Hapa tuna ombi kwa viongozi wetu wa jumuiya. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mgeni huyu msimpe jembe siku ya tatu! Imewahi kutokea mtu akahudhuria sala ya jumuiya kwa mara ya pili, akakabidhiwa bahasha ya zaka na kupangiwa mchango wa ujenzi. Kutegemeza Kanisa ni wajibu wa waamini, na huyu bado si mwamini.

Maswali yake yasikwepwe. Akiuliza juu ya sayansi, ajue kwamba Georges Lemaître, aliyeeleza mwaka 1927 kwamba ulimwengu unapanuka, alikuwa padre Mkatoliki kutoka Ubelgiji. Jambo hili huwashangaza vijana wetu wa vyuo vikuu. Lakini kwa uzoefu wetu sayansi si ndiyo inayowatesa wengi. Kutokuamini kwao kulianza kaburini. Alifiwa na mama akiwa mdogo, au alizika mtoto, na mtu mwema akamwambia mbele ya jeneza kwamba hayo ni mapenzi ya Mungu. Tangu siku ile, Mungu akawa kwake yule aliyemnyang'anya. Mtu huyo asijibiwe upesi. Asikilizwe habari za marehemu wake hadi mwisho, hata kama ni jioni nzima. Kisha, siku nyingine, asomewe habari ya Yesu akilia mbele ya kaburi la Lazaro, ili aone kwamba Mungu tunayemwamini alisimama upande wa wafiwa.

Mtakatifu Theresia wa Mtoto Yesu, mtawa wa Lisieux aliyefariki mwaka 1897 akiwa na miaka 24, aandika kwamba hapo zamani hakuweza kusadiki kuwa wapo watu wasio na imani kwa kweli. Alidhani wanasema kinyume cha wanavyojua. Tangu Pasaka ya 1896 hadi kifo chake aliingia katika giza zito la imani, akafahamu kwamba wapo kweli. Hakuwaogopa. Aliwahesabu kuwa ndugu zake, akakubali kuketi nao katika meza yao ya uchungu kwa muda wote ambao Mungu angependa. Mwamini aliyewahi kupita katika ukavu wa sala anaweza kumsindikiza asiyeamini vizuri kuliko yule asiyewahi kusitasita, mradi asitie chumvi mashaka yake ili kumfurahisha mwenzake.

Anapokuwa tayari, apelekwe kwa paroko. Kwa asiyebatizwa, ukatekumeni hutanguliwa na kipindi cha kuinjilishwa na kuuliza maswali, kisichowekewa idadi ya miezi. Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa Shirika la Wamisionari wa Afrika, aliwadai mapadre wake huku kwetu Maziwa Makuu wawaandae watu wazima kwa miaka minne kabla ya Ubatizo, isipokuwa katika hatari ya kifo. Leo muda si lazima uwe huo, lakini kanuni ya 865 ya Sheria za Kanisa bado yadai mtu mzima awe ameonesha nia yake, amefundishwa vya kutosha, na amejaribiwa katika maisha ya Kikristo.

Na hapa twawasihi wazazi: msimharakishe mchumba abatizwe ili tarehe ya harusi isipite. Kanuni ya 748 hukataza kumlazimisha mtu yeyote kuipokea imani kinyume cha dhamiri yake. Mkatoliki anayetaka kufunga ndoa na asiyebatizwa aweza kuombewa kwa Askofu aondolewe kizuizi cha tofauti ya dini, kwa masharti ambayo paroko atawaeleza. Ni afadhali arusi yenye kibali hicho kuliko Ubatizo wa mtu asiyeamini.

Huenda miaka ikapita na asiamini. Aendelee kukaribishwa Noeli, aendelee kuulizwa hali, wala asigeuzwe mada ya mazungumzo kila anapoingia sebuleni. Ijumaa Kuu, katika Sala Kuu ya Waamini, Kanisa husali nia kumi, na ya nane ni kwa ajili ya wasiomwamini Mungu. Ikiwa mwaka huo atakubali kuja nanyi katika ibada ile, mwambieni kabla ya kufika kwamba sala hiyo ipo, ili isimshtue itakaposomwa, kisha ketini naye benchi moja.