Mikrosistini katika Ghuba ya Mwanza

Mikrosistini ni kundi la sumu zinazotengenezwa na baadhi ya sianobakteria, hasa wa jenasi Microcystis. Viumbe hao huitwa pia mwani wa buluu-kijani, ingawa si mwani halisi. Kwenye ufuko wa Ziwa Viktoria huonekana kama utando wa kijani unaofanana na rangi iliyomwagika. Katika Ghuba ya Mwanza hustawishwa na nitrojeni na fosforasi zinazotoka mashambani na mjini, zikiwemo zinazoletwa na mto Mirongo unaopita katikati ya jiji. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 ulikuta sumu hizo katika maji ya ghuba hiyo.

Jinsi inavyozuia vimeng'enya

Ndani ya seli, protini nyingi huwashwa au kuzimwa kwa kubandikwa na kubanduliwa fosfeti. Vimeng'enya viitwavyo kinasi hubandika, na vile viitwavyo fosfatasi hubandua. Mikrosistini hunasa kwenye fosfatasi mbili, PP1 na PP2A, mahali palepale zinapofanyia kazi. Kinasi huendelea kubandika bila wa kubandua, nyuzi za protini zinazoshikilia umbo la seli huvurugika, na hatimaye seli hufa.

Si kila seli huathirika. Molekuli hii ni kubwa, haiwezi kupenya utando wa seli bila kubebwa na protini maalumu za usafirishaji. Ini lina nyingi, ndiyo maana huumia kwanza. Figo nazo zinazo, na majaribio kwa panya yameonyesha madhara katika mirija yake.

Uhusiano na ugonjwa sugu wa figo

Kwa binadamu haijathibitishwa kwamba mikrosistini husababisha ugonjwa sugu wa figo. Mwaka 2013 ilichapishwa taarifa ya wagonjwa 369 wa kisukari waliopimwa katika Hospitali ya Bugando, Mwanza: zaidi ya asilimia 80 walikuwa na dalili za ugonjwa huo. Kwa hiyo kisukari na shinikizo la damu vichunguzwe kabla ya kulaumu ziwa.

Hatari iliyo wazi zaidi ni kwa mtu ambaye figo zake zimeshashindwa kazi. Kila anaposafishwa damu, zaidi ya lita 100 za maji hupita karibu na damu yake, zikitenganishwa nayo na utando mwembamba tu. Mwaka 1996 kituo kimoja mjini Caruaru, Brazil, kilitumia maji ya bwawa lenye sianobakteria bila kuyasafisha ipasavyo. Vifo 52 vilihusishwa na sumu hiyo, wengi wakifa kwa ini kushindwa kazi.

Maji ya kunywa

Shirika la Afya Duniani limependekeza kiwango kisichozidi mikrogramu 1 kwa lita katika maji ya kunywa ya kila siku. Kuchemsha huua vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo, lakini hakuiharibu mikrosistini. Tena joto hupasua seli na kuimwaga sumu yote majini. Mitambo huondoa seli zikiwa nzima kwanza, kisha hutumia klorini au kaboni amilifu kwa sumu iliyoyeyuka. Anayechota ziwani kwa ndoo achote mbali na utando wa kijani, na achuje kabla ya kuchemsha, si baadaye.