Ukuta wa Udongo Hauna Askari: Safari ya Siku Tatu Kutoka Kitale Hata Bungoma

Watu wengi wa Trans Nzoia na Bungoma wamepata kufika Nairobi, na wengine wamekwenda hata Mombasa kuitazama Ngome ya Yesu. Lakini ukiwauliza kama wamepata kuingia katika mapango ya Mlima Elgon, au kupanda kilima cha Chetambe ambacho hupita chini yake kwa basi kila mwezi, watakujibu kwamba bado hawajapata nafasi. Kitu kilicho karibu na mlango hakitazamwi. Chatazamwa kile kilicho mbali.

Sisi nasi tulikuwa hivyo hivyo. Tulikuwa watu watatu: mwandishi wa habari hizi, karani mmoja wa Kitale aliyekuwa katika likizo yake, na rafiki yetu mkulima wa upande wa Kimilili. Mwezi wa Januari, mahindi yakiwa yamekwisha kuingia ghalani na njia zikiwa kavu, tulikata shauri kutembea siku tatu katika nchi yetu wenyewe.

Rafiki yetu mkulima alikuwa na shauri lake la nyumbani. Katika shamba alilorithi kwa baba yake pana tuta la udongo lililopinda kama mwezi mchanga, nalo humsumbua kila mwaka wakati wa kulima. Alikuwa amekwisha kuagana na mwenye trekta kwamba mwezi wa Februari tuta hilo lisawazishwe. Alifuatana nasi kwa ajili ya kupumzika tu, wala hakudhani kwamba safari ile ingelihusu shamba lake.

VITU VILIVYOMO NDANI YA KIOO

Tulianza katika Makumbusho ya Kitale. Asili yake ni mlowezi mmoja, Luteni Kanali Hugh Stoneham, aliyependa sana kukusanya wadudu, wanyama na vitabu. Alifungua makumbusho yake mwaka 1926, mwaka ule ule reli ilipofika Kitale. Alipofariki mwaka 1966 aliyaacha yote kwa taifa, na mwaka 1974 jengo jipya likafunguliwa, nayo yakawa makumbusho ya kwanza ya namna hiyo kujengwa bara, nje ya Nairobi. Nje ya jengo zimejengwa nyumba za kienyeji za makabila mbalimbali, na nyuma yake pana msitu wa kando ya mto wenye njia ya kutembea kwa miguu.

Karani wetu alisimama kitambo kirefu mbele ya kabati la vioo, kisha akasema, "Hivi vilivyomo ndani vina mlinzi na ufunguo. Je, vile vilivyobaki nje huko mashambani, ni nani avilindaye?" Hatukumjibu, lakini neno lile lilifuatana nasi njiani.

Alasiri tulikwenda Saiwa, mashariki ya Kitale. Hiyo ndiyo hifadhi ya taifa iliyo ndogo kuliko zote za Kenya, kwa maana eneo lake halizidi sana kilomita tatu za mraba. Ilitengwa mwaka 1974 kwa ajili ya kumlinda nzohe, mnyama wa jamii ya paa akaaye katika kinamasi. Kwato zake ni ndefu nazo hupanuka, hata aweza kwenda juu ya matope pasipo kuzama. Na akiona hatari hujitosa majini akaacha pua peke yake nje. Magari hayaingii humo. Mtu huenda kwa miguu, akapanda mnara wa mbao na kungoja kimya. Tulingoja karibu saa moja na nusu. Jua lilipoanza kushuka, nzohe mmoja akatoka katika mafunjo polepole, akala, akatutazama, akarudi. Rafiki yetu mkulima alisema kwamba hajapata kukaa kimya muda mrefu namna ile tangu alipofanya mtihani wa shule.

MAPANGO YA CHUMVI

Siku ya pili tulipanda Mlima Elgon. Huu ni mlima wa volkano iliyokwisha kufa, na kilele chake kirefu, Wagagai, kilicho upande wa Uganda, chafika mita 4,321, yaani zaidi ya futi 14,000. Wabukusu huuita Masaba. Na hilo jina la Elgon latokana na Wakony, ambao ni tawi la Wasabaoti. Upande wa Kenya hifadhi ya taifa ilitengwa mwaka 1968. Ukiingia humo wakuta miti mikubwa ya podo na mitarakwa, na mbega wakiruka juu yake na mikia yao myeupe.

Pango la Kitum laingia ndani ya mlima kadiri ya mita 200. Ukitazama kuta zake kwa taa waona alama nyingi, kama kwamba watu wamechimba kwa sururu. Mskoti Joseph Thomson alipofika katika mapango ya mlima huu mwaka 1883, alikuta watu wakikaa ndani pamoja na ng'ombe wao. Alistaajabu sana, akadhani kwamba yamechimbwa na watu wa taifa la kale, labda Wamisri, wala hakusadiki kwamba asili yake yaweza kuwa hapa hapa.

Siku hizi yajulikana kwamba alama nyingi za Kitum ni kazi ya pembe za ndovu. Ndovu huingia usiku, katika giza tupu, wakipapasa njia kwa mikonga yao. Hubomoa mwamba kwa pembe, huutafuna, na kupata chumvi isiyopatikana katika majani ya mlimani. Vizazi na vizazi vya ndovu vimeyapanua mapango hivyo. Basi msomaji na aone jinsi mgeni mwenye elimu awezavyo kupotea, akitafuta mbali jambo lililo chini ya miguu yake.

Lakini ni lazima tuwaonye watakaokwenda. Mwaka 1980, na tena mwaka 1987, wageni wawili waliokufa kwa homa ya Marburg walikuwa wamefika katika pango hilo siku chache kabla ya kuugua. Baadaye wataalamu waligundua kwamba popo walao matunda huweza kuchukua vijidudu vya ugonjwa huo. Kwa hiyo usishike kinyesi cha popo, usiwasumbue, wala usiingie bila kufuata maneno ya askari wa hifadhi. Sisi tulisimama karibu na mlango wa pango, tukaridhika.

CHETAMBE

Siku ya tatu tulishuka kwa njia ya Kiminini, Kamukuywa na Misikhu hata Webuye. Mji huu zamani uliitwa Broderick Falls, kwa ajili ya maporomoko ya Mto Nzoia yaliyo karibu, ambayo wenyeji huyaita Nabuyole. Mto huo hutoka milima ya Cherangani, hupokea maji ya Elgon, kisha hushuka mpaka Ziwa Viktoria. Hapo Nabuyole maji hujigonga katika mawe, povu likaruka, na mtu hana budi kupaaza sauti ili mwenziwe amsikie.

Kutoka hapo tulikipanda kilima cha Chetambe. Ukifika juu waona nchi yote, mashamba ya miwa na mahindi chini yako, na Elgon upande wa kaskazini. Palikuwa na mzee akichunga ng'ombe. Tulimsalimu, "Mulembe, mzee," naye akatuitikia na kutuuliza tunatafuta nini. Tulipomwambia kwamba twatafuta ngome, alicheka akasema, "Wanangu, mmesimama juu yake."

Kweli, tulikuwa tumesimama juu yake. Jicho lisilofundishwa huona tuta na mfereji ulioota majani, basi. Lakini hapo ndipo Wabukusu na majirani zao Watachoni walipojikinga mwaka 1895. Mzozo ulianzia katika bunduki zilizokuwa zimeingia mikononi mwa Wabukusu. Askari waliotumwa kuzidai wakauawa. Ndipo Mwingereza C. W. Hobley, aliyekuwa na kituo chake kwa Nabongo Mumia, akaenda vitani na jeshi lake, pamoja na Wawanga na wasaidizi wengine. Ngome ya Lumboka ilianguka kwanza, kisha Chetambe. Kuta za udongo ziliweza kuzuia mikuki ya adui wa zamani; risasi hazikuweza kuzizuia. Watu wengi walikufa hapo. Mwaka 1947 Elijah Masinde, kiongozi wa Dini ya Msambwa, aliwaongoza wafuasi wake mpaka mahali hapo kuwakumbuka.

Mzee alituonyesha kwa fimbo yake ukuta ulivyopinda. "Wazee wetu waliuita lukoba," akasema. "Walichimba mfereji kwa nje, na udongo wakaurushia ndani ukawa ukuta. Siku hizi mbuzi wauruka."

Rafiki yetu mkulima aliufuata ule mpindo kwa macho, asiseme neno. Halafu akauliza, "Mzee, je, lukoba zilikuwa hapa tu?"

Mzee akajibu, "Hata kidogo. Nchi yote hii watu walikaa ndani ya lukoba. Nyingi zimekwisha kulimwa."

Hapo sisi wawili tulimtazama rafiki yetu, naye akatazama chini.

MASHAMBA NA KUMBUKUMBU

Jambo hili si la kwetu peke yetu. Katika nchi ya Ayalandi, mbali huko Ulaya, kuna maboma ya duara ya udongo zaidi ya 40,000, yaliyojengwa na wakulima wa kale kuzunguka nyumba zao. Kwa muda mrefu wakulima wa huko hawakuyagusa, kwa sababu waliamini kwamba ni makao ya watu wasioonekana, na aharibuye boma hupatwa na mabaya. Imani hiyo ilipopungua na trekta zilipokuja, mengi yalisawazishwa. Basi boma la udongo halilindwi na sheria tu. Mlinzi wake wa kweli ni mtu mwenye shamba; na kama hana hofu, hana budi kuwa na maarifa.

Nayo ardhi yetu ina maarifa mengi. Huko Kakapel, katika vilima vya Chelelemuk upande wa Busia, pana mwamba wenye michoro ya kale. Wachimbaji wa mambo ya kale walipopekua udongo wa chini yake walipata mbegu za kunde zenye umri wa miaka 2,300 hivi, na wimbi la miaka 1,000 iliyopita. Mbegu hizo zilikuwa zimeungua tu, tena ndogo kuliko kucha. Lakini zilitosha kutuonyesha ukulima wa nchi hii ulivyo wa kale. Kama udongo ule ungalilimwa kwa trekta, habari hiyo isingalijulikana milele.

Tulifika Bungoma jioni. Tulipokuwa tukinywa chai, rafiki yetu aliomba karatasi kwa karani, akapiga hesabu. Alipomaliza akasema, "Tuta lile laninyima mahindi yasiyofika gunia mbili kwa mwaka." Akamwita mwenye trekta kwa simu, akamwambia alizunguke. Hata hivyo shamba hilo ni la ndugu wawili, na ndugu yake mkubwa hakupendezwa. Alisema kwamba gunia mbili ni karo ya mtoto. Shauri lao halijakwisha tunapoandika habari hizi.

Wasomaji, hatuwezi kumlaumu ndugu huyo, maana njaa ya leo yasema kwa sauti kubwa kuliko wafu wa jana. Lakini twaomba mambo matatu. Kwanza, mwenye tuta la kale shambani mwake asilivunje kabla ya kuwauliza wazee na watu wa makumbusho. Pili, mwenye mzee nyumbani achukue daftari, aandike maneno yake pamoja na tarehe, kwa kuwa mzee hangoji. Tatu, siku ya mapumziko, wapeleke watoto wako waone Nabuyole na Chetambe kwa macho yao. Nauli yake ni ndogo kuliko ya kwenda Mombasa. Wahenga walisema, mwacha asili ni mtumwa. Na asili yetu nyingine ni udongo tu, jembe moja laweza kuimaliza kwa asubuhi moja.